Kufungua na Kuendesha Duka Ndani ya Kiwanja cha Ndege: Mwongozo kwa Anayeanza

Nimeuza kahawa na vitafunwa ndani ya viwanja vya ndege kwa miaka kadhaa, na watu wanaotaka kuingia katika kazi hii huniuliza maswali yale yale: nafasi inaombwa wapi, kodi ya pango ni kiasi gani, na je, ni kweli kwamba mle ndani fedha hazikauki? Swali la tatu ndilo linalowaponza wengi. Abiria ni wengi, lakini mteja wako ni yule tu ambaye saa ya ndege yake na njia anayopita vinamfikisha mbele ya meza yako, na kodi utailipa hata siku ambayo hakufika. Kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye ratiba ya ndege na mkataba, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Taratibu ninazozieleza ni za Tanzania Bara, na mfano wangu mkuu ni Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere (JNIA), Dar es Salaam, kinachosimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA). Zanzibar ina ZAA kwa viwanja, ZRA kwa kodi na BPRA kwa usajili wa biashara, na msomaji wa Kenya atashughulika na KAA kwa viwanja, KRA kwa kodi na mfumo wa risiti wa eTIMS. Majina yanatofautiana, lakini mpangilio wa kazi unafanana sana. Maduka yasiyotozwa ushuru na maduka ya kubadilisha fedha siyagusi hapa, kwa kuwa ya kwanza yako chini ya forodha na ya pili yanahitaji leseni ya Benki Kuu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kampuni au jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), pamoja na namba ya mlipakodi (TIN) kutoka TRA, mamlaka ya mapato.
- Hesabu za biashara unayoiendesha sasa, hata kama ni mgahawa mdogo wa mtaani. Mzabuni asiye na historia yoyote huanza akiwa nyuma ya wenzake.
- Mtaji uliogawanywa katika mafungu matatu: ujenzi wa duka, dhamana na kodi ya awali, na fedha za kuendeshea kazi kwa miezi sita bila kutegemea faida. Fungu la tatu ndilo ambalo wengi hulisahau.
- Mtu wa kukusomea mkataba kisheria kabla hujautia saini.
- Angalau wiki mbili za kukaa kiwanjani ukihesabu watu.

Hatua kwa hatua

1. Lijue jengo kabla ya kuomba nafasi. JNIA ina majengo matatu ya abiria, na kila moja lina wateja wake. Jengo la Kwanza huhudumia ndege ndogo. Jengo la Pili, lililofunguliwa mwaka 1984, sasa linatumika zaidi kwa safari za ndani ya nchi. Jengo la Tatu lilianza kazi Agosti 2019 kwa ajili ya safari za kimataifa, na lilijengwa liweze kupitisha abiria milioni 6 kwa mwaka. Abiria wa Mwanza au Dodoma hufika akiwa na mkoba mmoja, hukaa muda mfupi, naye hutaka chai na kitu cha kutafuna upesi. Abiria wa kimataifa hufika saa tatu kabla, akishapita uhamiaji ana muda mrefu wa kukaa, na mara nyingi anatafuta zawadi ya mwisho.

Kisha tofautisha upande wa umma, ulio kabla ya ukaguzi wa usalama, na upande wa abiria, yaani upande wa ndani, ulio baada ya ukaguzi. Katika upande wa umma wateja wako ni wasindikizaji, wapokezi, madereva wa teksi na wafanyakazi wa kiwanja. Usiwadharau. Familia inayomsindikiza mtu wao huja watu sita, na ndege ikichelewa kutua, wapokezi hunywa soda mara mbili. Upande wa ndani abiria hulipa bei kubwa zaidi, lakini kodi nayo ni kubwa zaidi, na kila kinachoingia humo, kuanzia kiberiti hadi gunia la sukari, ni suala la usalama.

2. Hesabu watu kwa saa. Takwimu za abiria wa mwaka mzima hazitakusaidia kupanga zamu hata moja. Chukua ratiba ya ndege, simama karibu na nafasi unayoitaka, na uandike kila nusu saa ni wangapi wanapita, wangapi wanasimama, na wangapi wamebeba kitu walichonunua kwa jirani. Fanya hivyo siku ya kazi na siku ya mwisho wa wiki, asubuhi na usiku.

Tahadhari: usihesabu katika msimu mmoja tu. Mimi nilihesabu mwezi wa Agosti katika kiwanja kimoja cha mikoani, watalii wakiwa wamejaa, nikasaini kwa hesabu hiyo. Masika ilipofika, mwezi wa Aprili, safari zilipunguzwa, na kwa wiki nane nililipa kodi kutoka kwenye akiba niliyoiweka kwa ajili ya ada za shule za watoto. Kama huwezi kusubiri misimu miwili, chukua hesabu ya msimu wa juu na uipunguze sana kabla ya kuitumia.

3. Fuatilia zabuni. Zabuni za taasisi za umma hutangazwa kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Sajili kampuni yako humo sasa, kabla ya tangazo, kwa sababu siku za kuwasilisha zabuni hupita haraka, nawe ukikosa nyaraka moja utatolewa bila kujadiliwa. Soma masharti kwa kalamu mkononi: aina ya biashara inayoruhusiwa, ukubwa wa eneo, muda wa mkataba, dhamana ya zabuni, na vigezo vya tathmini.

Tahadhari: asikudanganye mtu kwamba anaweza kukuuzia nafasi. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa GePG, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi. Kuwa mwangalifu vilevile unapoambiwa ukodishe nafasi kutoka kwa mpangaji aliyepo, kwa sababu mikataba mingi inakataza kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi, na siku mwenye kiwanja akigundua, wewe ndiye utakayetolewa. Kama una mbia asiye raia, soma amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara, zikiwamo za rejareja na za maduka ya vinyago.

4. Piga hesabu ya kodi kabla ya kuandika kiasi chochote. Hapa ndipo biashara hupona au hufa, na hufa mapema, kabla hata ya rangi ya ukuta kukauka. Viwanja vingi duniani hutoza kwa mtindo wa pande mbili: kuna kiwango cha chini cha uhakika ambacho utalipa hata usipouza, na kuna asilimia ya mauzo. Unalipa kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Juu yake huja ada ya huduma za pamoja, umeme, maji na uondoaji wa taka.

Chukua mfano huu, ambao ni wa kujifunzia tu na si bei ya kiwanja chochote. Kiwango cha chini ni shilingi 4,000,000 kwa mwezi, na asilimia ni 15 ya mauzo. Ili asilimia 15 ifikie milioni 4, unapaswa kuuza karibu shilingi 26,670,000 kwa mwezi. Mteja wako wa kawaida akinunua vitu vya shilingi 8,000, hao ni wateja wapatao 3,330 kwa mwezi, yaani 111 kwa siku. Sasa rudi kwenye daftari la hatua ya pili. Kama wanaopita mbele yako ni watu 600 kwa siku, unahitaji karibu mmoja katika kila watano anunue kwako, kila siku, Jumapili na sikukuu. Je, jirani yako wa sasa anawapata wangapi kati ya hao 600? Ukiuza milioni 20 badala ya 26, bado utalipa milioni 4, na kodi yako imegeuka kuwa asilimia 20 ya mauzo, ilhali mkataba unasema 15.

Tahadhari: usipandishe kiwango cha chini ili tu ushinde zabuni. Nimeona watu wakishinda kwa kiasi ambacho daftari lao wenyewe lilikikataa, wakitumaini kwamba watajadiliana baadaye. Huna nguvu ya kujadili tena ukiwa tayari na deni. Andika kiasi unachoweza kukilipa mwezi wa Aprili, na kama mwingine ameandika zaidi, mwache ashinde.

5. Soma mkataba kifungu kwa kifungu. Angalia haya kwa makini.

Neno "mauzo" limefafanuliwaje? Kama asilimia inakokotolewa juu ya bei yenye VAT, unalipia kodi ya serikali kana kwamba ni mapato yako. Bidhaa ya shilingi 10,000 yenye VAT ya asilimia 18 huuzwa 11,800. Asilimia 15 ya hiyo ni 1,770, ambayo ni asilimia 17.7 ya fedha iliyo yako kweli. Omba iandikwe wazi kwamba hesabu haijumuishi VAT.

Muda wa mkataba unatosha kurudisha gharama za ujenzi? Duka la mamilioni mengi kwa mkataba wa miaka miwili ni hasara iliyotiwa saini. Je, mwenye kiwanja anaweza kukuhamisha? Mara nyingi anaweza, na kwa sababu za msingi, lakini nani atalipia ujenzi mpya?

Na kama ndege zikisimama? Kifungu hiki zamani watu walikiruka. Aprili 2020 Tanzania ilisitisha ndege za abiria za kimataifa hadi Mei 18, na Kenya ilisitisha tangu Machi hadi Agosti 1 mwaka huohuo. Hata baada ya anga kufunguliwa, abiria hawakurudi mara moja. Omba kifungu kinachopunguza kiwango cha chini pale idadi ya abiria inaposhuka chini ya kiasi mlichokubaliana, hata kama kiwanja hakijafungwa.

6. Kamilisha vibali. Utahitaji leseni ya biashara, usajili wa eneo la kazi kwa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini), ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kwa chakula, usajili wa jengo TBS (shirika la viwango) pamoja na vyeti vya afya vya wahudumu. Nunua mashine ya risiti za kielektroniki (EFD) na utoe risiti kwa kila mauzo. Ukitarajia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa miezi 12, usajili wa VAT ni wa lazima, na katika mfano wetu wa juu utazivuka. Anza maombi haya siku ile ile unayopata barua ya kushinda, kwa kuwa mara nyingi kodi ya pango huanza kuhesabiwa kwa tarehe ya mkataba bila kujali kama umefungua.

7. Jenga duka. Peleka michoro iidhinishwe kwanza. Vifaa visivyoshika moto haraka, nyaya zilizofanywa na fundi mwenye leseni, na jedwali la mahitaji yako ya umeme ni mambo ya kuwa tayari nayo. Mashine ya kahawa ya vichwa viwili peke yake huvuta kilowati 3 hadi 5, na ukiongeza tanuri, friji na birika, utakuta njia ya umeme uliyopewa haitoshi. Viwanja vingi haviruhusu mitungi ya gesi ndani ya jengo la abiria, hivyo panga menyu inayopikwa kwa umeme, au andaa maandazi, sambusa na chapati katika jiko la nje na kuzipasha moto dukani. Mafundi watafanya kazi usiku, kwa vibali, nao watakaguliwa kila waingiapo. Ongeza muda wa ujenzi katika mpango wako.

8. Shughulikia vitambulisho na njia ya bidhaa. Kila mfanyakazi anayeingia eneo lililozuiliwa anahitaji kitambulisho cha kiwanja, ambacho hutolewa baada ya kuchunguzwa mwenendo wake na kupata mafunzo ya uelewa wa usalama wa usafiri wa anga. Omba vya watu wawili zaidi ya unaowahitaji. Mtu akiacha kazi au kitambulisho chake kikiisha muda, huwezi kumwingiza binamu yako kushika nafasi kwa siku moja.

Bidhaa nazo hukaguliwa kabla ya kuingia. Panga kuzileta saa ambazo foleni ya ukaguzi ni fupi, kwa orodha iliyochapwa, katika maboksi yanayofunguka kwa urahisi. Visu vya jikoni viandikwe, vifungwe, vihesabiwe mwanzo na mwisho wa kila zamu, na hesabu itiwe saini. Kisu kimoja kisichoonekana kinaweza kusimamisha eneo zima, na mwenye kosa utakuwa wewe.

9. Ajiri kwa hesabu ya saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Duka la saa 24 lina saa 168 kwa wiki, kwa hiyo meza moja ya malipo inahitaji watu wanne kwa uchache, na ukihesabu likizo ya siku 28 na magonjwa, watano. Wanaoanza huajiri wawili, na mwezi wa tatu wote wawili wameondoka. Kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi inadai nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na michango ya NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi) ni ya lazima.

Fikiria pia mtu atafikaje kazini saa tisa usiku, wakati daladala hakuna. Kwa JNIA mimi hupendelea wanaoishi Kipawa, Kiwalani, Ukonga au Gongo la Mboto, na hata hao nawalipia usafiri wa usiku. Binti anayerudi nyumbani peke yake usiku wa manane si suala la kubana matumizi.

10. Chagua bidhaa kulingana na ukaguzi. Ukiwa upande wa umma, usimuuzie abiria wa kimataifa chupa ya asali, achari au mafuta ya nazi inayozidi mililita 100 bila kumwambia aiweke kwenye begi linalokwenda shehenani, kwa sababu itachukuliwa kwenye ukaguzi mbele ya macho yake. Upande wa ndani, abiria anayebadilisha ndege mbele anaweza kukaguliwa upya, hivyo vimiminika vya kuchukua safarini vinahitaji mfuko maalumu unaofungwa ukiwa na risiti ndani yake. Korosho, kahawa ya Kagera au Kilimanjaro, majani ya chai, viungo vikavu, kikoi na michoro midogo ya Tingatinga havina matatizo hayo. Usiuze makombe ya baharini, ngozi wala pembe bila vibali vya nyara. Mteja wako anaweza kukamatwa huko aendako.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo agiza ya karatasi au ya kitambaa. Bei ziandikwe kwa shilingi, kwa kuwa kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni. Weka mashine ya kadi na Lipa Namba. Msafiri anayeondoka nchini hupenda kumaliza shilingi alizobaki nazo, basi uwe na vitu vya shilingi 2,000, 5,000 na 10,000 karibu na meza ya malipo.

11. Endesha kwa kufuata ubao wa ndege. Asubuhi tazama ratiba ya siku na upange wingi wa vitafunwa kwa kila wimbi la abiria. Dakika arobaini kabla ya wimbi, kahawa iwe imesagwa na meza safi. Abiria aliyeitwa kupanda ndege hasubiri, na akiondoka harudi. Funga hesabu kila zamu: EFD, kadi, Lipa Namba na taslimu vilingane kabla mtu hajatoka.

Yakitokea haya

*Wanapita wengi, wananunua wachache.* Simama pale wanapotokea na utazame duka lako kwa macho yao. Mara nyingi bei hazisomeki kwa mbali, au foleni ya mtu mmoja inaonekana ndefu kwa mwenye haraka. Ondoa bidhaa nusu, andika bei kwa herufi kubwa, na utenge dirisha la wanaotaka maji na kahawa tu.

*Shirika la ndege limehamia lango au jengo jingine.* Andika barua kwa mwenye kiwanja ndani ya mwezi huohuo, ukiambatanisha mauzo ya kila siku kabla na baada. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe.

*Ndege imechelewa usiku na chakula kimekwisha.* Weka stoo ndogo ya vitu vinavyodumu: biskuti, korosho, maji, maziwa ya pakiti. Wakala wa shirika huweza kuhitaji chakula cha abiria wote ghafla, basi mpe namba yako na bei za jumla mapema, na umtake athibitishe oda kwa maandishi kabla ya kutoa sahani ya kwanza.

*Kodi imekushinda mwezi huu.* Usinyamaze. Nenda kabla ya tarehe ya malipo, ukiwa na hesabu zako na pendekezo la kulipa kwa awamu. Deni lililoelezwa mapema hupokewa tofauti na lile lililogunduliwa.

*Mkataba unakaribia kuisha.* Miezi sita kabla, uliza kwa maandishi kama nafasi itatangazwa upya, na usiagize mashine mpya kabla ya kupata jibu. Soma kifungu cha kurudisha eneo: huenda ukatakiwa kubomoa ulichojenga kwa gharama yako na ndani ya siku chache. Piga picha za eneo siku unayokabidhiwa na siku unayoliacha, ufanye ukaguzi wa pamoja na msimamizi, na umwombe atie saini fomu ya makabidhiano hapohapo, kwa sababu dhamana yako itarudishwa kwa kutegemea karatasi hiyo.